Kiswahili cha Nyuma ya Pazia

Mgonjwa haulizwi uji, wanasema watu. Nimelala kitandani muda mrefu nikimuwaza aliyetunga msemo huo, na nimeamua kwamba hakuwahi kuugua hata mafua. Mimi nililishwa uji asubuhi na jioni bila kuulizwa. Uji wa moto, uji uliopoa, uji wenye sukari ya kutapisha, unamiminwa upande wa mdomo usio na habari, unatoka tena na kuteremka shingoni hadi kwenye nguo ya kulalia. Leo nashika kikombe mwenyewe, lakini harufu ya uji wa ulezi bado inanitia kinyaa.

Naandika kwa ajili yako uliyepigwa na kiharusi, au uliye na mtu wako amelala anakutazama bila kusema kitu. Ya presha na mishipa utaambiwa na daktari. Mimi nitakueleza ya mate, ya ndugu na ya lugha, maana lugha ndiyo iliyotaka kunitoa nyumbani kwangu na kwa watoto wangu.

Nina banda la vitenge Tunduma, karibu na mpaka. Pale mdomo ndio mtaji. Mzambia akikaribia nilimwahi kwa salamu ya Kibemba, "Mulishani, mayo!" kabla hajamtazama jirani yangu. Dereva wa lori nilimpa Kiingereza cha kumtosha. Mtanzania mwenzangu nilimpa Kiswahili laini cha redioni, kile ambacho ukikisikia hujui msemaji katoka kijiji gani. Watu waliniita Dada wa Dar. Dar nimefika mara moja tu, joto likanishinda, nikarudi. Kwetu ni milimani Ileje, juu ya Itumba, na lugha niliyonyonya ni Kindali. Shuleni nilichekwa kwa matamshi yangu mpaka nikayasugua yakaisha, na sokoni nikagundua kwamba kitenge kilekile kikisifiwa kwa Kiswahili cha mjini kinaonekana kimetoka kiwandani jana. Sikumdanganya mtu. Hakuna aliyeniuliza.

Kiharusi kilinikuta mvua za kwanza zimeanza kunyesha, asubuhi, nikimkunjulia mteja kitenge. Mkono wa kulia ukaanguka na kitenge chake. Nikataka kumwambia yule mama asubiri kidogo, mdomo ukatoa kitu nisichokijua, na mate juu yake. Akarudi nyuma, akaziba pua. "Asubuhi yote hii na pombe!" akasema, kisha akaenda banda la pili kuulizia vitenge vingine. Jirani yangu ndiye aliyenidaka. Nimeshawasamehe watu wengi tangu siku ile, ila mteja yule bado.

Hospitalini nilikuwa na mpira wa mkojo huku na pampasi huku, mimi niliyekuwa nabadilisha kitambaa cha kichwa mara mbili kwa siku. Ulimi ulikuwa mzito na mchungu. Nusu ya uso wangu ilining'inia, na kila aliyekuja kunitazama aliitazama nusu hiyo. Nilinuka, na nilijua kwamba nanuka. Mama mmoja Mnyiha kutoka Mbozi, aliyekuwa kitanda cha jirani akimuuguza binti yake, alikuwa akinigeuzia mto upande mkavu na kunichana nywele pasipo kuombwa. Hakunisemesha, maana aliona nikisemeshwa nahangaika. Mungu ampe kahawa nzuri kila msimu.

Wengine walinisemesha, tena kwa kelele. Kiswahili kilikuwa kinanifikia kwa kuchelewa, na nilipokuwa nimekamata nusu ya swali, muulizaji alikuwa ameshachoka. Basi anauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Nesi mmoja aliniinamia sikioni: "MAMA! UKO WAPI HAPA? HAPA NI WAPI?" Nilijua ni wapi. Nilipanga jibu kichwani, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni Kindali, nacho kimepondekapondeka kwa mdomo uliopinda. Nilijaribu tena, kikatoka kilekile. Lugha zote nilizojipamba nazo zilikuwa zimeondoka, ikabaki ile niliyoivua shuleni.

"Anabwabwaja tu," nesi akamwambia mume wangu. "Haelewi."

Mume wangu, Ezekia, ni Mndali kwa baba, lakini kama angeuziwa mbuzi kwa Kindali angerudi na bata. Baba yake alipakua mizigo mpakani miaka mingi, akaoa Mnamwanga, na nyumba yao ikaongea Kiswahili ili watu wasikilizane. Dada yangu, ambaye angenielewa, yuko Ivuna kwenye kazi ya chumvi, na mvua ilikuwa imekata barabara. Na hapo Tunduma, mji uliojaa Wandali, hakuna aliyefikiri kumwita Mndali aje kunisikiliza. Wangemwitaje, wakati mimi ni Dada wa Dar?

Wifi yangu Vaileth, dada yake Ezekia, alimleta mtumishi wa Mungu saa ya kuona wagonjwa. Kijana ana suti, ana jasho, ana mafuta kwenye chupa. Akanibandika kiganja usoni. Nikamwambia aondoe mkono wake, unanuka vitunguu. Akaruka. "Mnasikia? Inajibu! Lugha ya kuzimu hii!" Vaileth akapiga magoti. Nikarudia, vitunguu. Akazidi kukemea. Watu waliokuja kuwaona wagonjwa wao wakakusanyika kwenye kitanda changu wakisema amina, na mimi chini ya kiganja kile nikatapika, kwa kinyaa halisi, na hilo nalo likashangiliwa kuwa pepo limeanza kutoka.

Kesho yake daktari alimweleza Ezekia kwa upole kwamba mazoezi ni ya mtu anayefuata maelekezo, na kwamba kama hali ndiyo hii, wajiandae kunitunza nyumbani. Vaileth alishika neno hilo na kulipeleka mbali. "Nyumbani wapi?" nilimsikia akisema nje ya wodi. "Kaka, wewe uko kazini mchana kutwa. Huyu hatambui hata watoto. Arudishwe kwao, kwa kaka yake huko Ileje, wamhangaikie wenyewe. Neema na mdogo wake nitawalea mimi."

Hilo lilinifikia lote, wala halikuchelewa. Kaka yangu ana mke asiyenipenda na nyumba iliyo mwisho wa njia. Mtu aliyepelekwa kule akiwa haongei harudi. Nililia kwa jicho moja, maana lingine lilikuwa likitoka machozi wakati wote na hakuna aliyelijali.

Sasa nikuambie habari za baba mkwe wangu. Jina lake silitaji, hata hapa. Kwetu mkwe wa kike hamtazami baba wa mume wake, hamwiti, hapiti mbele yake. Akimwona njiani anaingia majanini. Naye vivyo hivyo. Huo si ugomvi, ndiyo adabu yenyewe. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemwona mgongo na kofia. Alipostaafu mizigo alirudi milimani na mama mkwe, na ni mama mkwe niliyekuwa nikiongea naye kwa simu. Mguu wa mama haukuruhusu safari, kwa hiyo aliyekuja kumsaidia mwanawe wakati wa msiba huu ni mzee peke yake.

Alikuja hospitalini lakini hakuingia wodini. Aliketi kwenye benchi la barazani, chini ya dirisha langu, akiwa amelipa mgongo. Manesi walimcheka. "Babu, ingia ndani, unamwogopa mgonjwa?" Naye akajibu kwa Kiswahili chake kile cha mpakani, kisicho na zeta hata moja, kila z inageuka s, "Simwogopi, mwanangu. Namheshimu." Wakacheka zaidi. Nilisikia mmoja akimwigiza akienda zake koridoni.

Siku hiyo Vaileth alikuwa ananilisha. Uji ulikuwa unachemka. Nikapiga kelele, yale niliyoyaita maneno na wao wakayaita kubwabwaja. Na kutoka dirishani ikaja sauti:

"Esekia! Huyo mtoto anasema uji wa moto, mnamwungusa!"

Kijiko kikasimama. Ezekia, aliyekuwa mlangoni, akauliza, "Baba, unamwelewa?"

"Anaongea Kindali. Mdomo umelala, lakini maneno yamesimama. Ninyi masikio yenu yako wapi?"

Sijui kama umewahi kukaa siku nyingi bila mtu hata mmoja duniani kukuelewa, kisha ukaeleweka. Nilisema kila kitu kwa mara moja. Nilisema mpira unaniumiza, mgongo umechubuka, nataka maji ya baridi, Neema anakula nini, na yule kijana wa vitunguu asije tena. Mzee alitafsiri yote akiwa ameutazama uwanja wa hospitali, sauti yake ikipanda, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakaanza kucheka, nami nikacheka kwa nusu ya uso. Kwa kuwa hakuruhusiwa kunisemesha, aliusemesha ukuta. "Ukuta, mwambie asubiri, maneno ni mengi."

Daktari alipopita tena, mtihani ulifanyika kupitia dirisha. Yeye akasema kwa Kiswahili, mzee akaugeuzia ukuta kwa Kindali, mimi nikafanya. Inua mkono wa kushoto. Funga macho. Una watoto wangapi? Wawili, na wa kwanza ana jino bovu, apelekwe. Daktari akavua miwani, akasema nitapangiwa mazoezi ya mkono na ya mdomo. Yule nesi wa sikioni akasema, "Kumbe ana akili!" Alisema hivyo mbele yangu, kwa furaha, kama mtu aliyegundua kuwa mbuzi anajua kuhesabu.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Niliporudishwa nyumbani mahindi yalikuwa yameanza kubeba, na Vaileth alikuwa ameshahamia na vyombo vyake. Akaitisha kikao cha ukoo. Alikuja baba mdogo wa Ezekia, akaja mzee mmoja wa kanisa, wakanikalisha kwenye kiti sebuleni, taulo shingoni kwa ajili ya mate. Baba mkwe aliketi barazani, na katikati yetu kulikuwa na pazia la mlango.

Vaileth aliongea vizuri. Ana Kiswahili kizuri Vaileth, kuliko hata changu cha zamani. Alisema ananipenda kama dada. Alisema mgonjwa anahitaji watu wa lugha yake, na hapa hana hata wa kuongea naye, hata wanawe hawamwelewi. Alisema milimani kuna hewa safi. Kila baada ya maneno kadhaa alisogea kunipangusa mdomo. Baba mdogo alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Ezekia alikuwa anatazama sakafu, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwa sababu nilijua amechoka, na mtu aliyechoka hukubali.

Nikaanza kusema. Niliongea na pazia, kwa Kindali, polepole, na kila nilipotua mzee alipokea.

"Anasema siendi," pazia likasema. "Anasema, mimi ndiye niliyesaa hapa. Anasema, kama watoto hawanielewi, wafundishwe, hawajafa. Anasema, Esekia, inua uso."

Ezekia akainua uso.

Nikaendelea. Tukamsikia mzee anakohoa kule nje, maana niliyoyasema yalimhusu binti yake wa kumzaa, naye angeweza kuyapunguza, na hakuna mtu pale ambaye angejua.

"Anasema," akaendelea, "wewe Vaileth, usinipanguse tena kwa kitambaa ulichopangusia mesa. Anasema kinanuka dagaa. Anasema tangu hospitali unanilisha huku unatasama simu, uji unanipalia. Anasema unataka nyumba, si watoto, kwa sababu watoto hujawauliza hata wamekula nini." Akakohoa tena. "Hayo ni maneno yake. Yangu sijasema. Mimi nasema hivi: mwenye akili ndani ya nyumba hiyo ni huyo mwenye taulo. Anakaa. Mimi pia nitakaa hapa barasani mpaka mdomo wake upone, mniletee godoro chumba cha nje."

Vaileth alitazama kitambaa mkononi mwake. Alikinusa, nadhani bila kukusudia, na uso wake ukabadilika. Aliondoka na vyombo vyake wiki hiyohiyo. Tunasalimiana siku hizi, lakini chakula chake sili.

Kisha ukaja msimu wa mazoezi. Hospitalini dada wa mazoezi alinipa mpira wa kuminya na kunifundisha kupuliza mashavu mbele ya kioo, jambo la aibu ambalo nakusihi ulifanye kila siku. Nyumbani, mchana, tuliketi mimi sebuleni na mzee barazani, pazia katikati, harufu ya mahindi ya kuchoma ikiingia ndani. Mimi nasema sentensi kwa Kindali, yeye analiambia pazia kwa Kiswahili, nami narudia. Maji yamechemka. Funga mlango, mbuzi anaingia. Leo jua kali. Nilipokosea hakunicheka, alilirudia pazia neno lilelile kana kwamba pazia ndilo zito. Neema akirudi shule aliketi nasi na kujifunza Kindali kwa kugeuza mazoezi yetu, na ndiye aliyegundua kwanza.

"Mama," akasema siku moja, akishika tumbo kwa kicheko, "unaongea kama babu!"

Ilikuwa kweli. Kiswahili kilikuwa kinarudi, lakini hakikurudi kile cha redioni. Kilikuja cha kwake, chenye milima yake, zeta zimebaki njiani. Dada wa mazoezi alisema ulimi hushika unachosikia kila siku. Nilikwenda chooni nikalia, sitaficha. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi kuyaondoa matamshi yale.

Baridi ya Juni iliponikuta naweza kumwagiza Neema dukani kwa Kiswahili, mzee aliomba nauli ya Itumba. Asubuhi ya safari alisimama barazani na mfuko wake. "Pasia," akasema, "mwambie mkwe wangu mdomo umepona. Sasa tusisoeane." Nilitaka kumshukuru. Nikafungua mdomo, na safari hii nilikuwa na lugha mbili za kuchagua, ila sasa nilikuwa mzima, na mkwe mzima hasemi. Nikainama kuelekea pazia. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Nimerudi bandani. Mkono wa kulia bado mvivu, na vidonge vya presha nitavimeza maisha yangu yote. Hayo nimeyazoea. Nisichozoea ni watu. Wateja walewale, vitenge vilevile. Zamani mtu aliuliza bei akaipokea. Siku hizi nikitaja tu, ananikata nusu na kutabasamu, kwa sababu sauti imemwambia huyu mama ni wa shamba. Mzambia mmoja aliniuliza nimevuka lini kutoka Malawi. Msichana mmoja, nilipomweleza namna ya kufua kitenge kisichuje, alimgeukia mwenzake na kumwambia, "Hebu tafuta anayejua." Kliniki wananiita bibi, na sijafika huko. Wote hao nimewahi kuwauzia au kukaa nao benchi moja, na walinisikiliza kwa heshima, nikisema mambo yaleyale. Siku nyingine nikifunga banda nasikia kinyaa kile cha wodini, na sasa hakinijii kwa sababu ya mate yangu.

Kwa hiyo wewe unayemuuguza mtu, acha kupiga kelele. Kaa upande wake ulio mzima. Pooza uji. Uliza alinyonya lugha gani, hata kama umeishi naye miaka, na mtafute anayeijua, hata kama anaongea kwa namna inayokuchekesha.

Jirani wa bandani, kwa nia njema, alinipa habari za mwalimu mmoja anayefundisha watangazaji. "Atakurudishia sauti yako," akaniambia. Nilikuwa bado nalifikiria jambo hilo wiki iliyopita, mama mkwe aliponipigia simu. Yeye husikia kwa shida, kwa hiyo simu yake huwa imefunguliwa sauti, na mlima mzima unasikia. Nilimwambia habari za hapa: watoto wazima, biashara inakwenda kwa kuchechemea, baridi imeanza kuuma tena, Neema sasa anagombana na mdogo wake kwa Kindali. Nikasikia mtu akinong'ona upande wa pili, kisha mama mkwe akaanza kucheka.

"Mama Neema," akasema, "mzee yuko hapa nje amegeukia migomba. Anauliza, nani huyo kwenye simu anayeongea Kiswahili kizuri hivyo?"

Jirani alikuwa ananitazama, na mteja alikuwa amesimama mbele yangu ameshika kitenge. Nikaongeza sauti.